Mihogo Iliyooza Uani kwa Nwokike

Umuozara,
Wilaya ya Owerri,
19 Septemba 1943

Mpendwa mdogo wangu Anyaegbu,

Hujambo huko machimboni? Na kifua je, kimeacha kukusumbua? Mwenzako wa machimboni, Onyewuchi, alipokuja likizo alituambia baridi ya Jos inaingia mpaka kwenye meno, na kwamba unalala na koti. Vaa na soksi. Huku mimi, shemeji yako na watoto tu wazima, ila goti langu linaniuma kila mvua ikinyesha, na mwaka huu mvua haijui kupumzika.

Viazi vikuu vipya tumeshavila. Vilikuwa vidogo na vimejaa maji. Binti yako Ugonma sasa ana meno mdomo mzima na anamng'ata kila anayemkaribia. Shangazi Mgbeokwu bado yupo, bado anagombana na kuku wa jirani.

Nilitaka niishie hapo, nifunge bahasha. Nimeshindwa. Yanayofuata nakuandikia kama yalivyo, wala sitii chumvi, maana hata hiyo chumvi hatuna tangu vita vya hawa wazungu vianze.

Unalikumbuka shamba la mteremkoni, ng'ambo ya kijito, ambalo kaka yetu Nwokike alimpa mkeo ulipoondoka. Alimpa kwa sababu limechoka. Ukipanda kiazi kikuu pale unavuna kitu kama kidole cha mtoto. Wifi yangu Mgborie hakunung'unika, akapanda mihogo. Nwokike alikuwa akipita na wenzake, anapaza sauti makusudi: "Shemeji, hizo kuni zako zinaendeleaje?" Wanacheka, wanaenda zao. Unamjua alivyo. Mwenye ghala kubwa la viazi vikuu hagusi muhogo, ni chakula cha wanawake, akiugusa anajipangusa mkono.

Basi mwaka jana malori yakaanza kuja soko la siku ya Afo kutafuta unga wa muhogo wa kupeleka kaskazini. Huenda hata wewe huko umekula unga uliokaangwa na mkeo bila kujua. Mgborie akauza vizuri. Akaezeka upya nyumba yako iliyokuwa inavuja, akamnunulia mtoto blanketi. Hapo kicheko cha Nwokike kikakatika. Nikawa namwona anazunguka mteremkoni, mikono nyuma, kama mtu anayekagua mali yake.

Mwezi wa Juni mwaka huu Mgborie alikwenda kwao msibani. Aliporudi alikuta shamba limefukuliwa lote. Nwokike alikodi vibarua, wakang'oa iliyokomaa na isiyokomaa, mingine myembamba kama mkia wa panya, wakairundika uani kwake. Mgborie alinipitia, tukaenda pamoja. Tulimkuta amekalia kiti cha marehemu baba, anachokonoa meno.

"Shemeji," Mgborie akamwambia kwa adabu, "naona mihogo yangu imehamia kwako."

"Ardhi ni ya nani?"

"Ya ukoo wenu. Lakini mihogo ni yangu. Niliipanda mimi, na kila mtu hapa anajua muhogo ni wa mwanamke."

"Hayo yalikuwa mambo ya bibi zenu," akasema, akatema kijiti. "Siku hizi kuna mahakama. Serikali haijui muhogo wa kike na wa kiume."

Mwanamume aliyekuwa anaona haya kuutazama muhogo, Anyaegbu! Nilimwangalia usoni nikitafuta japo aibu kidogo. Haikuwepo.

Zamani jambo kama hilo lisingefika kwa wanaume. Wanawake wa mji wangekaa, wangesema, likaisha. Mgborie akaamua kwenda kwenye hiyohiyo mahakama anayojivunia Nwokike. Nilisimama naye nyuma kabisa, kwa kuwa mabenchi si ya wanawake. Wazee waliowekwa na serikali wakamwuliza mumewe yuko wapi. Akasema yuko Jos. Wakamwambia mwanamke hadai ardhi. Akajibu hadai ardhi, anadai mihogo yake. Wakacheka! Mmoja wao namjua, kila siku ya soko anakunywa tembo kwa Nwokike. Wakasema mpaka mumewe atamke, kaka wa mume ndiye msemaji. Karani akaandika, ikawa imekwisha.

Sasa sikiliza. Kwa pupa yake Nwokike alisahau kwamba muhogo haupandi lori na maganda yake. Unamenywa, unakunwa, unakamuliwa maji, unakaangwa, na kazi hiyo hapa kwetu inajulikana ni ya nani. Akawaita wake zake. Nwanyieke, mke mkubwa, akamjibu, "Mume wangu, mkono unaniuma." Mke mdogo naye mkono unamwuma. Akatafuta wanawake wa kukodi sokoni. Wote mikono inawauma. Mji mzima ukawa wa wagonjwa wa mikono.

Akawaita wenzake, watu waliopewa vyeo kwa kujaza viazi vikuu ghalani, wakakaa kumenya kwa mapanga. Walijikata vidole, walilaumiana, wakaenda nyumbani. Kiasi kidogo walichofanikiwa kukuna hawakukikamua vizuri. Mwenye lori alionja, akatema palepale miguuni pa Nwokike, akamwuliza, "Mzee, unataka kuua watu?" Akawasha lori.

Rundo likaoza. Siwezi kukueleza harufu ile, na sitaki kuikumbuka, lakini ningependa uinuse. Nzi walikuwa weusi juu yake. Maji ya kijivu yalitiririka uani mpaka kwenye ghala la baba, lile tulilokuwa tunakatazwa kuingia na miguu michafu. Mbuzi wakala maganda, wakavimba, wakafa. Chakula, Anyaegbu! Mwaka ambao watoto wanalala na njaa!

Ndipo nilipowaita mabinti wa ukoo, sisi tulioolewa nje. Tulikuja wote, hata shangazi Mgbeokwu alibebwa. Tukakaa kwenye ua ule unaonuka, tukaimba kutwa:

Nwokike, ulisema ni kuni,
mbona kuni zinanuka?

Alimtuma mtu kumwita tarishi wa mahakama aje atutimue. Tarishi alikuja na kofia yake nyekundu, akafika mlangoni, akaziba pua, akageuka. Shangazi akamwambia Nwokike: "Mwanangu, leo unatufukuza. Siku ukifa, usitutegemee. Waite hao wa mahakama wakulilie na kukuzika." Mwanzoni alicheka. Baadaye hakucheka. Jioni alisema mbele ya wazee wa ukoo kwamba shamba ni la Mgborie na kila kitakachoota humo ni chake. Tulikwenda nyumbani tukijua tumemaliza. Mgborie akaanza kupanda tena.

Kisha Onyewuchi akaja likizo, na neno lako.

Alilisema uani, watu wakiwepo, Mgborie akiwepo na jembe lake. Kwamba umesikia habari za vurugu za wanawake. Kwamba mkeo amtii kaka, asikutie aibu. Nwokike aliinua kichwa. Sikuwa nimemwona akitabasamu tangu mbuzi wake wafe, lakini siku hiyo niliona meno yote.

"Mmesikia?" akasema. "Mwenye mke ametamka."

Mgborie akamgeukia Onyewuchi. "Alisema hivyo kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake, shemeji."

"Alikuwa amelewa?"

Onyewuchi akatazama chini. "Hapana. Hakuwa amelewa."

"Haya."

Aliweka jembe chini, akamfunga Ugonma mgongoni, akaondoka kwenda kwao. Mimi ni wifi yake, kazi yangu ilikuwa kumshika mkono nimrudishe. Nilimsindikiza mpaka kijitoni nikambebea mzigo.

Nwokike namchukia kama mtu anavyochukia uchafu, nikioga unanitoka. Wewe nilikubeba mgongoni mama akiwa shambani. Nilikutafunia chakula. Na ukiwa mbali, bila kuuliza, bila hata kusema "dada, kumetokea nini?", umemkabidhi mkeo kwa mtu aliyemwibia. Kwa nini? Ili wanaume wa huku wakusifu? Wamekusifu. Nilikuwepo, niliwasikia.

Usinitumie kitambaa wala sabuni, sitapokea. Usimtume mtu na neno jingine. Njoo mwenyewe. Ukishuka kwenye treni usianzie kwa Nwokike. Nenda moja kwa moja kwa wakwe zako, ukakae chini uombe radhi. Baba yake Mgborie amesema kiangazi kikiisha hujafika, mahari itarudishwa, na sijui atakayemlaumu.

Shangazi Mgbeokwu anakusalimu na anasema ule vizuri. Shemeji yako anakusalimu. Nwanyieke anakusalimu kwa siri. Mjomba Osuagwu anauliza kama huko kuna ugoro.

Wiki iliyopita nilikwenda kumtazama Mgborie. Kwao wamempa kipande cha ardhi na amenenepa kidogo. Alikuwa jikoni anakaanga. Nikamwambia nakuandikia, kama ana salamu anipe. Akasema unga unaungua, akanigeuzia mgongo, akaendelea kukoroga.

Mungu akulinde kila unapoingia shimoni, na akutoe salama ili uje ujibu haya.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda, ingawa leo nimelazimika kujikumbusha,

Udumma