Mizinga ya Mama Skola

Mjukuu wangu Debora,

Huku Ruhuwiko Mungu anatutunza, na babu yako kikohozi kimemwachia. Unauliza kwa nini mwalimu wenu wa sheria anawasomesha habari za wadudu na misitu.

Nikwambie. Serikali iliporuhusu biashara huria, wanunuzi wa asali walifika hadi kijijini kwetu. Jirani yangu Mama Skola alikuwa na mizinga, akaezeka nyumba bati. Roho iliniuma! Nami nilikuwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji, nikawashawishi wenzangu tutunge sheria: mizinga iondolewe, nyuki wanauma watoto. Akaihamishia mbali, porini.

Msimu ule alizeti yangu ilichanua vizuri, lakini mbegu nyingi zilikuwa maganda matupu. Bwana shamba akacheka. "Mama, bila nyuki ulitegemea nini? Mlipotunga sheria mlimwuliza nani?"

Kumbe tuligusa mzinga, tukagusa na shamba.

Nikaungama wivu wangu kwa padri, kisha nikaenda kwa Mama Skola.

"Jirani, rudisha mizinga."

"Enhe! Siku hizi hawaumi watoto?"

Tuliifuta sheria, akarudisha. Mwaka uliofuata alizeti yangu ilijaa, naye akavuna asali maradufu kutoka kwenye maua yangu.

Ikabidi niende kuungama tena.

Bibi yako anayekuombea,
Mama Tekla