Namgombeza Kipa ili Mama Mkwe Asikie

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kama una barua nyingine mezani naomba uziweke pembeni kwanza, maana mwezi ujao unakuja mbio na mimi sina pa kukimbilia.

Mimi ni mwalimu wa kazini katika kiwanda cha kufulia nguo, yaani kazi yangu ni kuwafundisha wafanyakazi wenzangu kila kinapokuja kitu kipya, tunafua na kupiga pasi mashuka ya mahoteli na mahospitali, na mwaka huu uongozi umetununulia mashine kubwa ya pasi yenye silinda mbili za moto zinazozunguka, watu wawili wanasimama bega kwa bega, wanaiwekea ukingo wa shuka, wanakanyaga pedali, mashine inalivuta shuka upande huu na kulitoa upande wa pili likiwa limenyooka vizuri kabisa, na mbele ya hizo silinda kuna ubao mwekundu ambao ukiugusa tu mashine inasimama, umewekwa pale ili mtu asije akapeleka mikono kwenye moto, na somo langu la kwanza, ambalo nimelibandika hata ukutani kwa herufi kubwa, ni SHUKA LIKISHIKWA, ACHIA.

Sasa mshauri, katika darasa langu yumo mama mkwe wangu, mama mzazi wa mke wangu, ambaye amepiga pasi kwa mkono pale kiwandani tangu mke wangu hajazaliwa, na mkono wake umezoea kulifuata shuka, kulipapasa, kunyoosha kila kikunjo, kwa hiyo mashine ikishalishika yeye haachii, anaendelea kulisindikiza kwa kiganja kama anamsindikiza mgeni getini, mpaka anagusa ubao mwekundu, mashine inazima, mashuka yanarundikana, na watu wote wananitazama mimi.

Mtu mwingine ningemwambia palepale, lakini huyu ni mama mkwe, mimi huyu nikikutana naye kwenye korido najikuta nimeshainama kabla sijajua nainamia nini, sijawahi hata kumwomba chumvi mezani, namwambia mke wangu ndiye amwombe, sasa leo nimpazie sauti mbele ya watu kwamba amekosea, kwa mdomo upi? Nikabuni njia. Anayesimama naye kwenye mashine ni jamaa mmoja tunayemwita Kipa, kwa sababu ujanani alikuwa golikipa, mtu mpole, hana neno na mtu, basi kila mama alipogusa ubao mimi nikawa namgombeza Kipa, "Kipa, mikono! Kipa, nimesema achia! Kipa, wewe una matatizo gani?", nikitegemea kwamba mama atasikia na atajirekebisha mwenyewe bila mimi kumvunjia heshima, na kwenye karatasi za tathmini mama nikawa namwandikia vizuri sana, vizuri sana, mpaka chini, na Kipa nikamwandikia anahitaji juhudi, ili mambo yaonekane ya kweli.

Mshauri, Kipa wa watu amefikia hatua anaweka shuka kisha anaficha mikono nyuma ya mgongo. Mama hajabadilika hata kidogo.

Wiki iliyopita ndipo nilipoumbuka. Nilikuwa nimewapa mgongo naandika kwenye ubao wa darasa, nikasikia mashine imezima, nikapaza sauti bila kugeuka, "Kipa, mikono!", na sauti ikajibu kutoka mlangoni, "Mwalimu, mimi ndio kwanza naingia, nilikuwa chooni." Nikageuka. Mama yuko peke yake kwenye mashine, kiganja bado kiko juu ya shuka, ananitazama, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nimekosea wapi?" Na mimi, Mungu anisamehe, nikamwambia, "Hapana mama, uko vizuri, ni umeme tu umeyumba." Taa zote zilikuwa zinawaka. Hata feni ilikuwa inazunguka.

Jioni alikuja nyumbani kwetu kumsaidia mke wangu kupika, akaniuliza tena, "Lakini pale mashine inazima kwa nini?", nikamjibu ni mambo ya kiufundi mama, usijali, akasema haya, akarudi kumenya vitunguu, tena siku hizo alikuwa anamenya kwa mkono wa kushoto wakati si mtu wa kushoto, nikamtania mke wangu kwamba mama kanogewa na mafunzo, sasa anajifunza vipya hata jikoni, tukacheka.

Kicheko kimeniishia Ijumaa. Bosi aliita darasa zima akatangaza kwamba ametazama tathmini, na mwenye alama za juu kuliko wote ni mama, kwa hiyo kuanzia Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao mama ndiye atakayekuwa kiongozi wa mashine na atawafundisha wafanyakazi wapya wanaoingia, watu wakapiga makofi, Kipa naye akapiga, mama akatabasamu kidogo halafu akaangalia chini, na mke wangu alipopata habari amewapigia simu ukoo mzima mpaka shangazi ambaye walikuwa hawaongei. Fundi wa mashine naye kanivuta pembeni akaniambia ule ubao haukutengenezwa uguswe kutwa nzima, unalegea, siku ukigoma kusimamisha mashine utamtoa mtu vidole.

Sasa nikisema ukweli, bosi ataniona mwongo, mama ataaibika mbele ya kiwanda na ukoo, na mke wangu sijui nitalala naye chumba gani. Nikinyamaza, Jumatatu hiyo mama atawafundisha watu wapya kupeleka mikono kwenye moto, na watafaulu wote. Nimefikiria siku hiyo niumwe tumbo. Nimefikiria pia niombe kuhamishiwa idara ya sabuni. Nifanye nini, mshauri? Nisaidie bila kunitukana sana.

Mimi mwalimu niliyekwama

MSHAURI ANAJIBU

Mwalimu, ombi lako la mwisho limekataliwa. Tuendelee.

Nimeisoma barua yako mara ya kwanza nikacheka mpaka mwenzangu wa meza ya jirani akaja kuuliza kuna nini. Nikaisoma mara ya pili, nikafika kwenye vitunguu, nikaacha kucheka. Hebu rudi pale. Mama mtu mzima, amemenya vitunguu kwa mkono wa kulia maisha yake yote, ghafla anatumia wa kushoto, katika majuma yaleyale ambayo mkono wake wa kulia unaingia kwenye mashine ya moto kila siku. Na wewe, mtaalamu wa mafunzo, ukaona hiyo ni nafasi ya kutania. Ameungua, bwana! Mashine ikizima inaacha kuzunguka, haiachi kuwa ya moto. Mimi nimekaa kwenye kiti cha gazeti, sikujui wala simjui, nimeona. Wewe uliyekaa naye jiko moja hukuona, kwa sababu unaogopa hata kumtazama.

Kwa hiyo kabla ya bosi, kabla ya ukoo, kabla ya hilo tumbo lako, leo hii nenda na mke wako kwa mama mkautazame huo mkono. Kama unahitaji dawa apelekwe zahanati. Na wakati mkeo anamshika mama mkono, wewe mweleze mkeo yote, asije akayasikia kwa watu. Atakununia. Muache anune, ana haki.

Sasa tuongee kuhusu hii unayoiita heshima. Wewe humheshimu mama mkwe, unampaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Umemwandikia vizuri sana mpaka chini, na hakuna hata kimoja alichofanya vizuri sana. Kipa umemfundisha. Kipa kagombezwa makosa yake na ya mwenzake, sasa anaijua hiyo mashine kuliko mtu yeyote humo ndani, pamoja na wewe. Mama peke yake ndiye aliyekaa darasani muda wote huo bila mtu kumwambia hata neno moja la kazi. Unajua kwa nini alitazama chini watu walipopiga makofi? Kwa sababu si mjinga. Aliona feni inazunguka, kama ulivyoiona wewe. Alijua kuna kosa, akauliza mbele ya darasa, ukamwambia umeme. Akakufuata mpaka nyumbani akauliza tena, ukamwambia mambo ya kiufundi. Na muda wote huo alikuwa ameungua, akaficha, na hapo ndipo nilipoumia mimi, kwa sababu amekuficha wewe usiaibike. Mmekaa mnastahiana huku nyama inaiva.

Nakuonea huruma kidogo, usidhani sina moyo. Kumfundisha mkubwa wako wa ukoo ni mtihani mgumu, tena hakuna aliyekuandaa. Hapo makosa ni ya uongozi pia. Nani alikaa akapanga mkwe amsahihishe mama mkwe, ampe alama, kisha cheo kitoke kwenye alama hizo bila mtu mwingine kuja kutazama mikono? Bosi wako amesoma karatasi tu. Angesogea mashineni hata kwa muda wa kunywa chai angeona mwenyewe. Lakini bosi hajaniandikia, umeniandikia wewe, kwa hiyo wewe ndiye unayekula za uso.

Kesho asubuhi, kabla mashine haijawashwa, ingia kwa bosi na fundi wako. Usiende peke yako, najua utapindisha maneno. Fundi aseme kuhusu ubao, na mashine isiwashwe mpaka ubao utengenezwe. Ukimaliza hilo mwambie bosi kwamba tathmini ulizoandika za watu wawili si za kweli, umejaza kwa woga, na unaomba mtu mwingine awapime upya, hao wawili na darasa lote. Usimtaje mama kama mtu aliyefeli. Hajafeli, hajafundishwa. Bosi atakasirika, pengine atakupa barua ya onyo. Ipokee, sema asante, toka. Onyo halijawahi kumkata mtu kidole.

Kisha Kipa. Ulimgombeza mbele ya watu, kwa hiyo utamwomba radhi mbele ya watu walewale, kwa sauti ileile uliyokuwa unaitumia, na ufute lile neno lako la juhudi. Ukishamaliza, muombe asimame na mama mashineni, mashine ikiwa imezimwa na imepoa kabisa. Waweke shuka, waachie. Waweke, waachie. Mkono wa mama una mazoea ya miaka, na mkono hausomi mabango, kwa hiyo lile tangazo lako la ukutani unaweza kulitumia kufungia vitafunwa. Mkono unajifunza kwa kurudia, ukiwa salama, na mtu pembeni anayesema palepale, taratibu, wa kusikia ni mwenyewe tu. Hicho ndicho unacholipwa ukifanye. Kupiga kelele ubaoni ukiwa umewapa watu mgongo, hata redio ya kiwandani ingefanya, tena ina muziki.

Na watu wapya wakija, usimwondoe mama. Muda wa kufundisha mashine utafika akishaijua, na yeye atajua kueleza ni nini kinachomshinda mtu aliyezoea pasi ya mkono, kwa sababu kimemshinda. Ukoo ukiuliza cheo kiko wapi, wajibu kwamba kimesogezwa mbele. Shangazi aliyekuwa haongei na mkeo sasa anaongea naye, hiyo nayo ni faida, msiipoteze.

Idara ya sabuni usiende. Utawafundisha nini, kunawa?

Mwisho, mwalimu, jambo unaloliogopa kuliko bosi. Mama atakuuliza tena. Amekuuliza mara mbili, ni mwanafunzi mzuri, hatachoka. Atakuja hapo mashineni, ataweka shuka, kiganja kitateleza mbele kidogo, atasimama na kukutazama, atasema, "Mwanangu, nimekosea wapi?" Usimeze mate. Usitazame taa. Sogea karibu, inama kama unapenda kuinama, na umwambie, "Hapo, mama. Mkono uachie hapo."