Uzi Wenye Fundo Moja

Mpendwa Mshauri, naomba unisaidie kabla ya Jumanne ya mwisho wa mwezi, na tafadhali usiliweke jina langu, maana mama husoma ukurasa wako akisubiri pasi ipate moto.

Mimi niko kidato cha kwanza na mama ni fundi cherehani, na mwaka huu alijiunga na darasa la watu wazima ili apate cheti cha kufundisha ushonaji, na huko wanasoma jiometri, ile ya mstari, mwale, kipande cha mstari na bapa, ambayo hata sisi tulikuwa tunaisoma wiki zile zile, basi nyumbani nikawa mwalimu wake na nikajiona nimefika. Siku moja alinionyesha daftari, amechora mwale wenye nukta upande mmoja na mshale upande wa pili, akasema, "Mwanangu, huu nimeuelewa, ni kama uzi uliopigwa fundo, penye fundo ndipo unapoanzia, huko kwingine unakwenda tu," nami nikacheka nikamwambia, "Mama, uzi huisha, na haya ni mambo ya shule, si ya cherehani, mwale una mishale pande zote mbili." Akachukua kifutio, akafuta.

Kesho yake aliitwa ubaoni achore mwale, akachora nilivyomfundisha, na muuza mkaa anayesoma naye akasema, "Fundi, mishale miwili, huo mwale unakwenda au unarudi?" na darasa zima likaangua kicheko. Mama alinisimulia huku anacheka, lakini tangu siku hiyo hajarudi darasani, anasema nguo za wateja zimemlemea, na ile Jumanne ya mwisho wa mwezi ndiyo siku ya mtihani wao. Ijumaa nilirudishiwa jaribio langu nikakuta nimekosa swali hilo hilo la mwale, nikalificha ndani ya foronya, na kila nikigeuka linachakacha chini ya sikio langu. Jana mama alinikunjia pindo la sketi akasema, "Wewe soma, mwanangu, mimi kichwa kimeshakuwa kigumu," nikaivaa sketi nikaenda zangu. Nikimwambia ukweli, ataniamini tena?

Mimi,
Mwenye Haya

JIBU

Binti yangu, kukosea mwale si jambo la kukukosesha usingizi. Hata mimi niliwahi kuukosea. Kilichokukaa kooni ni lile neno lako, "si ya cherehani," na ni haki likukae.

Ulimwambia uzi huisha. Na mwale uliouchora kwenye karatasi, hauishii ukingoni? Kila mchoro huishia mahali, mshale ndio unaosema safari inaendelea. Mama yako alilielewa hilo akiwa ameshika sindano, wewe ukiwa na kitabu mbele yako hukulielewa.

Unauliza kama atakuamini tena. Hilo liache kwanza, maana hapo bado unajifikiria wewe. Yeye leo anaamini kichwa chake ni kigumu, na uongo huo ulitoka kinywani mwako. Kila siku unayonyamaza unausema upya.

Kwa hiyo toa hiyo karatasi kwenye foronya. Usisubiri mama apate nafasi, fundi hana nafasi. Iweke juu ya meza yake ya kukatia, alama nyekundu zikionekana, useme: "Mama, ulikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyekosea, tena nikakucheka." Ukifika hapo, nyamaza. Usitie "lakini."

Kisha muombe akufundishe kwa uzi wake. Fundo moja, mwale. Mafundo mawili, kipande cha mstari. Usipopiga fundo popote, mstari. Na hiyo meza, mkiifikiria haina kingo, ndiyo bapa. Siku zilizobaki wewe pika, pokea nguo za wateja, naye arudi darasani. Muuza mkaa mwachie mama mwenyewe, atajua pa kumshonea.

Na wewe, fundi, kama pasi haijapata moto na macho yako yamefika hapa, jifanye hujasoma. Mtoto yuko njiani na karatasi yake. Mwache aseme mwenyewe.