Barua kwa Bwana Gaab

Dama weee, shika simu!

Unamjua Mutheu, yule daktari wa mifugo mrefu wa Kitui aliyechukua meza yako ulipohamia Malindi? Leo ameleta barua ya malalamiko. MALALAMIKO, wallahi! Kwa bosi!

Alisikia Guleid wetu wa ofisini akimwita Lugadheer, Kisomali. Akauliza maana, akaambiwa "miguu mirefu". Shuleni walimwita twiga, sasa akaona hata Garissa anachekwa. Wiki nzima amekula peke yake kwenye gari, macho mekundu.

Basi leo kaingia kwa bosi, mimi niko pale na mafaili. Akasoma kwa sauti: "Kwa Bwana Gaab..."

Bosi akamkatiza. "Mutheu, Gaab ni nini?"

"Si jina la baba yako? Wote hapa wanakuita hivyo."

Dama, nilijifunika uso kwa mtandio! Miezi minane anamwandikia hivyo! Sisi tulidhani anajua!

"Baba yangu ni Abdiqani. Gaab ni mfupi. Umeniita Mfupi miezi minane, hata mbele ya wageni. Mimi nilikushtaki kwa nani?"

Mutheu akaikunja barua. Bosi akamwambia huku mgeni hapewi jina la utani, anapewa mtu wa nyumbani. Hapo Mutheu akacheka mpaka machozi. Mchana amekula nasi sinia moja, akigombania nyama na Guleid!

Nikamwambia, "Afadhali wewe, mimi hata jina sina."

Guleid akadakia: "Unalo. Redio."

Dama. Wewe ulijua?