Doa Kwenye Titi Lililopona

Katubuka,
Kigoma.
9 Machi 2025

Mpendwa mdogo wangu Bibiana,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Hujambo? Shemeji Bonifasi na mgongo wake wanaendeleaje huko Sumbawanga? Huku mvua zinanyesha, na michikichi imezaa mpaka hatuna pa kuweka chikichi. Mwili wangu ndio umeleta mambo.

Ningekupigia simu, ila ningeanza kulia, nawe ungepanda basi siku hiyohiyo. Kaa kwanza ndipo usome.

Unaijua mashine yetu ya kukamulia mawese, na ule mti mrefu tunaousukuma kwa kifua. Baada ya Krismasi niliona doa la zambarau kwenye titi la kushoto, lilelile lililopigwa mionzi Dar tulipougua pamoja, miaka saba sasa. Nikasema ni mti umeniumiza. Mume wangu Gervasi akanikataza kusukuma, nami nikawa nalikanda kwa mawese ya moto, kama mama alivyotukanda utotoni. Doa likazidi kutanuka, likaanza kutoa damu nikiligusa.

Hospitali walikata kipande wakapima. Daktari, binti mpole, hakunizungusha: "Mama, si ile saratani ya zamani iliyorudi. Hii ni nyingine, imeanzia kwenye mishipa midogo ya damu pale palipopigwa mionzi. Hutokea kwa watu wachache sana." Nikamuuliza kama mionzi ilikuwa kosa. Akasema hapana, bila hiyo nisingekuwepo kumuuliza. Sasa natakiwa Dar, nikaondolewe titi lote.

Bibiana, naogopa. Naogopa kisu, na zaidi naogopa kwamba nimechelewa. Muda wote ule nilidhani natibu jeraha, kumbe naubembeleza ugonjwa.

Na wewe nakuogopea. Tulikaa chumba kimoja, tukapigwa mionzi kwa zamu. Daktari anasema wengi hawaipati kabisa, kwa hiyo usianze kugawa vitenge vyako. Lakini nakujua: ukiona alama utasema ni sidiria imebana. Vua nguo mchana, simama penye mwanga, jiangalie vizuri. Ukiona rangi usiyoielewa, usikande. Nenda hospitali.

Nisalimie Shemeji, mwanao Regina na mama mkwe wako. Gervasi anawasalimu, ingawa siku hizi haongei sana. Mungu atujalie tuzeeke pamoja, tuchekane vibogoyo.

Usiniandikie pole. Niambie kwanza umeona nini.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Scola