Karatasi ya Kizungu niliyomsomea baba

Jumamosi, alasiri. Jua kali, upepo unaleta vumbi mpaka kitandani kwangu.

Kuna kitu sijamwambia mtu yeyote, hata padri. Ile karatasi iliyomtoa baba kwenye ngoma ya kwaya niliiandika mimi.

Baba amepiga ngoma kubwa ya kanisa tangu sijazaliwa. Ujanani alikipigia kikundi cha kulima kule kijijini Kasoli: watu wamejipanga mstari, majembe yanapanda na kushuka kwa ngoma yake. Ndiyo maana hana madoido. Du, ka. Du, ka. Mwanzo hadi mwisho.

Siku moja wasichana wa darasani kwetu walikuja misa ya pili. Wakatoka wakicheka. "Yule mzee anapiga ngoma au anatwanga mahindi?" Hawakujua ni baba yangu.

Na mimi nikacheka. Nikacheka kuwazidi.

Jumapili iliyofuata nikatumbukiza karatasi kwenye sanduku la maoni la kwaya. Herufi kubwa, bila jina, kwa Kiingereza, ili wadhani ni mgeni fulani aliyehamia mjini. Niliandika kwamba mpigaji amezeeka, anajua kitu kimoja tu, atafutwe mwingine.

Mwalimu wa kwaya alishindwa kumwambia kwa mdomo. Akampa karatasi yenyewe.

Baba akaniletea mimi.

"Mayu," akasema, maana huniita kama anavyomwita mama yake, "wewe ndiye mwenye Kizungu humu ndani. Nisomee."

Nikamsomea kwa Kiswahili, neno kwa neno. Maneno yangu mwenyewe. Akaikunja karatasi, akasema, "Huyu ameandika vizuri. Amesoma."

Tangu siku hiyo anakaa benchi la nyuma. Mikono yake haijui pa kukaa.

Leo asubuhi kaka alikuwa anafua, spika yake inapiga wimbo wa roki wa zamani. Nikasubiri mpiga ngoma aonyeshe ufundi wake. Hakuonyesha. Gitaa linalia, mwimbaji anapasua koo, yeye yupo tu: du, ka. Wenzake wanakwenda mbali wanavyotaka kwa sababu wanajua wakirudi watamkuta palepale.

Nikageuza ndoo, nikajaribu. Kabla ya kiitikio nilikuwa nimeshautangulia wimbo.

"Unafukuzwa na nani?" kaka akacheka.

Nikarudia mara tatu. Siwezi. Kitu kile nilichokiita kimoja tu, sikiwezi hata kwa wimbo mmoja.

Nikakumbuka kwaya yetu siku hizi. Mpigaji mpya ana madoido kweli, lakini sauti ya kwanza inamaliza ubeti wakati besi bado wako katikati.

Ila aibu yangu haiko kwenye ngoma. Hata angekuwa hajui kupiga kabisa, ni baba yangu. Nilimkana kwa kicheko, halafu nikakaa mbele yake na kumsomea.

Kurasa za daftari hili huwa naziandika kwa Kiingereza na kuzificha chini ya godoro, mpaka nipate bando la kuziweka kwenye blogu. Leo nimeandika kwa Kiswahili. Baba anasoma Kiswahili vizuri, polepole, kidole kikifuata mstari.

Nasikia katambuga zake za tairi uani. Hatua zilezile, hazina haraka. Sasa ziko mlangoni.

Godoro liko hapa. Daftari nimeliacha wazi.