Talaka ya Kihausa

Kariakoo, Alhamisi

Kaka Yasser,

Shikamoo, na amani iwe juu yako, juu ya wifi na watoto wote huko Tanga. Je, kifua cha mdogo wao kimetulia? Mama huniuliza kila mara, nami humjibu kwamba kimetulia, ingawa sina hakika. Sisi tu wazima wa mwili. Nasema wa mwili, kaka, kwa sababu nyumba yetu imepasuka, na wewe unajua kwamba mimi si mtu wa kutishika. Chuoni nimesimama juu ya meza nikahutubia umati hadi walinzi wakaja kunishusha, wala sikuogopa. Leo naogopa.

Utakumbuka nilivyokueleza wakati wa Idi kuhusu darasa langu. Nilisema, na bado nasema: mtu mzima asiyejua kusoma si mjinga, ni mtu aliyedhulumiwa, na dhuluma hiyo haiondolewi kwa kumkalisha kwenye dawati la mtoto na kumwimbisha a, e, i, o, u. Ndiyo maana nilikwenda kwa Bakili, mwenye kibanda cha video kule Msimbazi, nikamwomba saa za mchana ambazo hakuna mpira wa kuonyesha. Tukawawekea watu filamu za Kihausa, ambazo mimi na mwenzangu wa chuo, mwenyeji wa Kano, tuliziandikia maneno ya Kiswahili chini ya picha.

Bakili aliniuliza kulikoni Kihausa, ilhali za Kihindi na za Kichina zipo tele na zimekwisha kutiwa sauti ya Kiswahili. Nikamwambia kwamba hapo ndipo penye ubaya: filamu iliyotiwa sauti humlisha mtu kwa sikio, jicho likalala. Kihausa hapa hakijulikani. Asiyesoma hatajua kama mke mkubwa amemsamehe mke mdogo au anamtilia sumu. Tena nyumba zile ni kama zetu: kanzu, salamu mlangoni, mama mkwe asiyeridhika na chochote. Watu wakasoma, kaka! Mwanne muuza viungo alikuja hajui hata herufi moja. Mvua za masika zilipokatika, alikuwa akiwafokea wanaume wa mbele wainamishe vichwa, wanamkatia maneno yake.

Aliyenishangaza ni Baba. Tulikua tukiamini kwamba hasomi gazeti kwa sababu ya macho. Siku moja alitokea kibandani, Mama yuko nyuma yake, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba dukani amechoka kuwauliza vijana kilichoandikwa kwenye maboksi. Nilijifunga kibwebwe kumfundisha. Akawa hodari kuliko wote: akisoma mstari kwa sauti, halafu akimwigiza mwigizaji kwa Kihausa chake, kibanda kizima kikicheka.

Ndipo ikaja ile filamu ya mkulima aliyeshtakiwa mbele ya mfalme wa mji. Mkulima anapiga magoti, ananyoosha kidole juu na kulia kwamba yeye ni mtu duni, hana kitu. Chini tuliandika: “Mimi ni maskini.” Lakini kwa Kihausa maskini huitwa talaka. Naam, kaka, neno lile lile, herufi kwa herufi. Mwenzangu wa Kano aliliona ni neno la kawaida. Mimi nililisikia, nikacheka, nikapita. Baba hakupita. Aliusoma mstari vizuri, kisha akainuka kwa furaha, akamgeukia Mama aliyeketi ubavuni mwake, akanyoosha kidole kama yule mkulima, akapaza sauti: “Talaka! Talaka! Talaka!”

Hakuna aliyecheka. Kisha Mwanne, ambaye mdomo wake hauna kufuli, akapiga makofi na kusema kwamba mzee kamwacha mwenzie hata nauli hajampa. Baba akageuka rangi.

Habari ilifika sokoni kabla yetu. Wako wanaosema kwamba talaka haina mzaha, ikishatoka kinywani imetoka. Wako wanaosema kwamba neno la lugha ya watu haliwezi kuvunja ndoa ya watu wengine. Ami zetu wakaamua kwamba Mama akae Upanga kwa mama mdogo mpaka jambo liamuliwe. Bakili amefunga kibanda, kwa kuwa watu asiowajua walimwendea wakamwonya kwamba nyumba inayovunja ndoa huweza kuungua. Nami nikipita mtaani nasikia nyuma yangu wakisema, huyo ndiye mwalimu wa talaka. Sigeuki. Naharakisha hatua.

Jumapili, baada ya swala ya alasiri, Sheikh Awadhi atatusikiliza. Amesema kwamba ushahidi wangu ndio utakaotangulia, kwa sababu ni mimi niliyeyaandika yale maneno. Baba alinijia chumbani, akakaa chini sakafuni, Baba yetu huyo, akaniomba nimwokoe. Alisema kwamba bila Mama atakuwa kichekesho cha mtaa mzima. Sikuwahi kumwona akiogopa kabla ya hapo. Nikamwahidi kwamba nitaieleza maana ya neno mpaka asibaki mwenye shaka.

Kisha nikaenda Upanga kumpa Mama habari njema.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akaniomba niisahau maana ya neno hilo. Nilidhani sikumsikia sawasawa. Akasema kwamba tangu afike pale amekuwa akilala. Kulala tu. Nyumbani, alisema, kila usiku huusikiliza ufunguo unavyozungushwa mlangoni, ili ajue ni Baba yupi anayeingia: yule wa sadaka na bashasha ambaye mtaa unamjua, au yule mwingine. Kaka, mimi pia nilikuwa nikiusikiliza. Na wewe ulikuwa ukiusikiliza, ndiyo maana ukachagua kazi ya mbali. Mama alisema kwamba hana ujasiri wa kuomba kuachwa, lakini Mungu akimletea talaka kwa njia ya Kihausa, kwa nini mwanawe mwenyewe aitangue?

Mimi niliyewahubiria wanawake wa nchi hii wavunje minyororo yao, nilimwambia Mama mmoja asubiri kwanza nikawaze.

Nimewaza, nami nimekata shauri. Nitasema kweli: neno lile ni maskini, na Baba hakukusudia. Sitamnunulia Mama uhuru kwa ushahidi wa uongo, halafu aishi akiogopa kwamba utagundulika. Lakini nikimaliza sitakaa. Nitamwomba Sheikh amuulize Mama, mbele ya ami zetu wote, kama anataka kurudi. Sheria inampa mke haki ya kurudisha mahari na kujitoa. Ninachokiogopa ni kimya. Ninaogopa kwamba Mama atawatazama, atainamisha kichwa, atasema anataka kurudi, na jioni atarudi na Baba katika nyumba ile ile, na Baba atakuwa amekwisha kujua nilichokisema. Wewe ni mtoto wake wa kwanza wa kiume. Ukiwa umeketi pale, huenda akainua uso. Njoo, kaka. Jumamosi usiku isikukute Tanga.

Msalimie wifi, wabusu watoto. Mama hakusalimu, kwa kuwa hajui kwamba nimekuandikia. Baba anakusalimu sana. Barua hii nitampa Onesphory, kondakta wa basi la asubuhi, akukabidhi mkononi. Tafadhali usinijibu kwa ujumbe wa simu. Simu yangu hulala mezani sebuleni kama za wote, na siku hizi Baba anasoma.

Mdogo wako akupendaye,
Rania